Katikati na Pindo

Sindano iligoma kuingia. Victorine aliisukuma, akaiinamisha, akaijaribu kwa upande mwingine, lakini vile vitanzi saba vilikuwa vimebana kama meno ya mtoto anayekataa dawa. Katika safu iliyopita alikuwa amevizaa vyote saba kutoka kitanzi kimoja, kama Gogo Helmi, bibi mwenye nyumba, alivyomfundisha. Sasa, wakati wa kurudi, alitakiwa avipitishe vyote kwenye sindano kwa mara moja na kuvifunga viwe kidonge kimoja cha uzi. Kidonge hicho wao waliita punje. Punje zikipangwa vizuri ziliota maua meupe yaliyoinama kama kengele, na maua hayo ndiyo yaliyoipa shali ya kina Gogo Helmi jina lake. Punje za Victorine zilitoka, lakini kila moja ilitoka kwa vita.

Ng'ambo ya meza, Gaudence alikuwa anafunga zake huku anasimulia habari za mwanamke aliyebishana na dereva wa teksi, zile basi ndogo za abiria, mjini mpaka abiria wote wakachukua upande. Hata mikono yake hakuitazama.

Gogo Helmi alicheka. Alikuwa na miaka themanini na miwili, macho yake yameshaingia ukungu, na siku hizi kazi aliisoma kwa vidole. Alinyoosha mkono, akashika kipande cha Gaudence, akapitisha kidole gumba juu ya punje moja baada ya nyingine.

"Laini," alisema kwa Kiingereza chake cha kukwaruza. "Laini kabisa, kullake."

Kullake. Ni neno la kwao, Estonia. Siku ya kwanza alipolisikia, Victorine aliuliza maana yake, akaambiwa ni kama kusema kidhahabu changu. Miaka mitatu sasa alikuwa anaingia na kutoka katika nyumba hii ya Kensington, na hata siku moja hakuitwa hivyo. Yeye aliitwa Victorine tu, jina kavu, kama linavyosomwa kwenye foleni ya ofisi.

Alikuja mara ya kwanza mwaka 2015, kuosha madirisha. Akabaki kwa kupika, kwa kufua, kwa kuhesabu vidonge vya presha asubuhi na kutia matone ya macho jioni. Ulikuwa mwaka wa pili ndipo Gogo alipomwona ameshika shali ya zamani na kuigeuza nyuma, anatafuta jinsi ilivyoanza. "Kaa," alimwambia, na akamtia sindano mkononi. Victorine, mzaliwa wa Uvira, aliyekuwa akifuma vitambaa vya makochi tangu shuleni, alidhani ni kazi ya mwezi mmoja. Ilimchukua miezi minane kufunga punje isiyoaibisha. Lakini ilikuwa miezi yake, yeye na yule bibi peke yao, hita ya gesi katikati yao, na Gogo akimweleza kidogo kidogo jinsi alivyovuka bahari akiwa mtoto wa miaka minane, vita nyuma yao, na mama yake amejifunga sindano za kufumia kiunoni. Victorine naye alisimulia ziwa lake na usiku aliokimbia kwao. Hakuna aliyemwambia mwenzake pole. Walifuma.

Na huyu Gaudence, nani alimleta? Victorine mwenyewe. Hilo ndilo lililomsokota roho. Alimkuta Aprili ile ya 2018 kanisani, katika jengo kuukuu la mjini wanakosali Wakongo na Warundi, binti wa Bujumbura anayelala kwenye benchi la nyuma na begi lake chini ya kichwa. Akamchukua mpaka chumbani kwao Bertrams, akamtengea pembe kwa pazia, na kwa wiki sita, mpaka alipopata pa kuishi, wakala sahani moja, yeye na mumewe Marcellin na mtoto wao Gaëlle. Alipoona vidole vya mgeni havitulii, vinasuka hata ncha za pazia, akasema twende kwa Gogo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alikuja. Mwenyeji ndiye aliyeanza kuugua.

Kwa wiki tatu Gaudence alijua alichojua Victorine kwa miezi minane.

Mwezi wa Juni Gogo aliwaambia kwamba mjukuu wake wa Cape Town anaolewa Oktoba, naye anataka avae shali ya kwao. "Itakuwa ya mwisho kutoka katika nyumba hii," alisema, bila kujihurumia. Shali ya namna hiyo hufumwa vipande vipande: katikati peke yake, yenye maua, na pindo peke yake, lesi ndefu ya kuzunguka pande zote, kisha hushonwa pamoja kwa mkono. "Kullake atafuma katikati. Victorine, wewe pindo."

"Ndiyo, Gogo," Victorine alisema.

Siku ile aliteremka kilima kurudi Bertrams bila kuiona robot, ile taa ya njia panda. Gari lilimpigia honi hadi akaruka. Pindo. Nani hutazama pindo? Bibi harusi akisimama mbele za watu, macho yatakwenda kwenye maua.

"Si kazi ni kazi?" Marcellin alimuuliza, akifunga vifungo vya sare yake ya ulinzi.

"Huelewi."

"Basi nieleze nielewe."

Hakuweza. Angesema nini? Kwamba mama mzima wa miaka arobaini na moja anamwonea kijicho binti aliyemlisha kwa mkono wake? Aliosha vyombo viwili vilivyokuwa safi.

Ilikuwa Alhamisi, wiki ya pili ya Agosti, upepo mkavu unapeperusha vumbi la migodi juu ya mapaa. Gaudence alikuwa amekwenda Pretoria kufuata karatasi zake za ukimbizi. Gogo alilala baada ya chakula cha mchana. Kazi ya Gaudence ilikuwa kwenye kikapu, imefunikwa na foronya, na Victorine alijiambia anataka kuona tu.

Ilikuwa nzuri. Afadhali ingekuwa mbaya. Aliitandaza magotini, na mwanga wa dirishani ukapita ndani yake kama unavyopita kwenye bawa la kumbikumbi. Kila kengele iliinama mahali pake. Uzi haukukazwa popote, haukulegea popote. Alitafuta kosa kuanzia chini mpaka juu, akihesabu safu kwa kucha, na kadiri alivyokosa kuliona ndivyo alivyozidi kulitafuta.

Mkasi mdogo wa Gogo ulikuwa pale pale, kwenye mkono wa kiti.

Alikata uzi mmoja. Mmoja tu, kati ya maua mawili, mahali ambapo jicho lisingefika. Haukutoa hata sauti. Alijua kitakachotokea: shali ikishaoshwa na kuvutwa kwenye fremu ili ikauke, pale patafunguka, vitanzi vitakimbizana, na tundu litakua mbele ya macho ya watu. Wataona kwamba mkono mwepesi nao huteleza. Aliikunja vile vile ilivyokuwa, akairudisha foronya, akaenda jikoni kuchemsha maji ya chai ambayo hakuna aliyeagiza.

Ijumaa Gaudence alirudi kwenye kiti chake. Alifuma. Alisimulia habari za Pretoria, foleni na baridi na mwanamke aliyeuza viazi vitamu vya moto. Uzi hakuutaja. Kwa hiyo hajaona, Victorine aliwaza, na siku hiyo punje zake zilikataa kabisa, mpaka akazifumua tatu.

Wiki mbili zilipita. Alimaliza pindo, akakabidhiwa katikati ili aishone. Kushona kulimchukua siku nne. Alikwenda ukingoni pote pande nne, mshono kwa mshono, kwa mkono uliolegezwa kama inavyotakiwa, na kwa siku zote nne hakuthubutu kuangalia ndani.

Siku ya kuinyoosha ilikuwa Jumamosi yenye jua. Waliiosha kwa sabuni ya mtoto, wakaikamua ndani ya taulo, wakaitoa uani ilipokuwa fremu ya mbao yenye misumari midogo kuzunguka pande zote. Gogo Helmi aliketi mlangoni na blanketi miguuni. Victorine alisimama upande mmoja, Gaudence upande wa pili, nao wakaanza kuvuta, ncha moja ya pindo kwa kila msumari. Shali ikafunguka. Ilikuwa konzi ya pamba mbichi, ikawa dirisha. Victorine alivuta na kungoja. Alivuta tena. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi kwa maji baridi.

Hakuna tundu lililofunguka.

Hapo ndipo alipoangalia. Alipapata mahali penyewe, kati ya maua mawili. Uzi ulikuwa mara mbili pale, mwembamba wa kufuata mwembamba, umepitishwa kwa sindano ya kushonea njia ile ile ya vitanzi, kwenda na kurudi. Mtu asiyejua asingeona.

Aliinua macho. Gaudence alikuwa anamtazama.

"Niliona Ijumaa ile ile, Mama Gaëlle," alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida, kama anaomba msumari. Gogo hakujua Kiswahili. "Uzi uliochakaa hukatika ukiacha manyoya. Ule ulikuwa umekatwa."

Victorine alishika fremu. "Kwa nini hukusema?"

"Ningesema kwa nani? Gogo angemwamini nani, mimi au wewe? Wewe una ufunguo wa nyumba. Wewe unajua dawa zake. Akiumwa, hata nikiwa nimekaa hapa karibu yake, ananiuliza wewe uko wapi." Alivuta ncha ya pindo, akaitia kwenye msumari. "Mimi kila jioni narudi nyumbani nakuonea wivu, mama. Hukujua?"

"Mimi? Wewe ndiye anakuita kullake."

Gaudence alicheka kidogo, bila furaha. "Ananiita hivyo kwa sababu jina langu linamshinda. Anasema Gau, anakwama. Muuza maziwa pia ni kullake. Yule fundi wa bomba pia. Nyumba hii yote, jina analolijua ni lako tu."

Victorine alitia ncha nyingine msumarini. Ndege wakubwa wa kijivu walipita juu ya ua wakilia kama mageti yasiyotiwa mafuta.

"Mnagombana?" Gogo Helmi aliuliza kutoka mlangoni.

"Hapana, Gogo," Gaudence alisema haraka. Kisha, kwa Kiswahili, "Mimi simwambii. Limekwisha."

Laiti angemtukana. Victorine alitia ncha ya mwisho msumarini akihisi kwamba sasa amebebwa mgongoni na mtu yule yule aliyemwonea kijicho, na kwamba atabebwa hivyo kila siku watakayokaa meza moja. Hata katika kusamehe binti huyu alikuwa na mkono mwepesi.

Alasiri, Gaudence alipoondoka, Victorine aliuvuta mkono wa Gogo mpaka kwenye fremu na kuuweka juu ya ule uzi wa mara mbili.

"Hapa," alisema. "Ni mimi. Nilikata kwa mkasi wako. Yeye alishona."

Kidole gumba cha bibi kilikwenda, kikarudi. "Hapa nilipapasa wiki iliyopita," alisema. "Nikasema, ah, huyu msichana amefanya fundo, ananificha. Nilimpunguza thamani moyoni." Aliondoa mkono. Upepo ulitikisa shali ndani ya fremu, ikavimba, ikatulia. "Nenda nyumbani, Victorine. Wiki ijayo usije. Nikikuhitaji nitakuita."

Hakuitwa. Siku ya tatu Marcellin aliuliza, akaambiwa Gogo ana wageni. Siku ya tano Gaëlle aliuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, na mama yake akamjibu kwa Kiswahili asome vitabu vyake. Siku ya tisa mlango uligongwa. Alikuwa Gaudence, shingo yake imefungwa skafu, anahema kwa kupanda ngazi.

"Shali imekwenda Cape Town," alisema. "Imefika."

"Asante kwa habari. Ingia, kuna chai."

"Siingii. Nimekuja kukuchukua."

Victorine alisimama na kitambaa cha vyombo mkononi. "Amekutuma?"

"Hajanituma. Hajakutaja. Lakini jana alitia matone ya macho mwenyewe, yakaishia shavuni. Na ameanzisha nyingine. Alisema ile ni ya mwisho, sasa ameanzisha nyingine, nami pindo silijui. Hajanifundisha mtu pindo."

"Akinifukuza?"

"Basi utakuwa umefukuzwa."

Alivaa koti. Walipanda barabara ya Langermann bila kusemezana, Gaudence mbele, kisha, kilima kilipozidi kusimama, bega kwa bega, maana hakuna aliyekuwa na pumzi ya kumpita mwenzake. Mijakaranda ilikuwa mitupu pande zote mbili. Kwenye geti Gaudence alitangulia kuingiza mkono na kuvuta komeo.

Gogo Helmi alikuwa barazani, juani. Alikuwa anazungusha fungu la uzi mweupe kuwa bonge, mkono mmoja unashika, mwingine unazunguka. Changarawe ilisikika chini ya nyayo, za mtu mmoja, halafu za watu wawili. Mkono uliokuwa unazunguka ukasimama. Bibi aliinua uso, akauelekeza kwenye geti, akasikiliza, na uzi ukabaki umenyooka katikati ya mikono yake, haujakaza, haujalegea.