Vitabu Kumi na Viwili vya Mama Mizani

Madereva wa malori ya ngano walimwita Mama Mizani, na kwa jinsi jina lilivyomkaa, hata mlinzi wa lango alikuwa amelisahau lile la kwenye kitambulisho. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akikaa ndani ya kibanda cha kioo kando ya lango la kiwanda cha unga, kazi yake kupima malori. Lori likifika na shehena hupanda juu ya bamba la chuma, tarakimu kwenye skrini huchezacheza, naye husubiri zitulie ndipo abonyeze. Likishashusha mzigo hurudi tupu, hupimwa tena, tiketi hutoka, muhuri hugongwa, dereva hupewa nakala yake kupitia tundu la dirisha. Kati ya lori na lori zilipita dakika kumi, pengine nusu saa, na hizo dakika alizizoea kuziua kwa kutazama barabara na kusikiliza redio ya mlinzi.

Mambo yalianza Jumapili ya kwanza ya mwaka. Binti yake wa pekee, muuzaji katika duka la dawa huko mji wa jirani, alikuja kumtembelea, na katika kumsaidia kupanga kabati akavuta mfuko uliosahaulika nyuma ya mablanketi. Ndani yake mlikuwa na sweta la manjano: mgongo umekamilika, mkono mmoja umekomea kwenye kiwiko, sindano zingali zimechomekwa. Lilikuwa sweta la binti mwenyewe, ambalo mama alilianza binti akiwa darasa la nne. Chini yake palikuwa na daftari la masomo ya ushonaji lililoandikwa kurasa sita, na leseni ya kujifunzia udereva iliyoisha muda miaka minane nyuma. Binti alicheka mpaka akakaa kitako sakafuni.

"Mama, wewe kwa kuanza hujambo," alisema. "Kwa kumaliza ndiko tutakutafutia fundi."

Mama Mizani naye alicheka, tena sana. Lakini binti alipoondoka jioni, lile neno lilibaki. Aliosha vyombo nalo, akapanga nguo za kazi nalo, na asubuhi akaamka nalo. Lililomuuma hasa ni kwamba hakuweza kulibishia.

Asubuhi hiyohiyo, akielekea kazini, alisimama kwa muuza vitabu vilivyotumika aliyetandaza turubai lake mbele ya posta. Si kwamba alikuwa msomaji. Zamani shuleni ndiyo, alikuwa na sauti nzuri, mwalimu alimsimamisha awasomee wenzake. Lakini tangu hapo alichosoma ni tiketi za mizani na maagizo ya dawa ya kikohozi. Alichagua vitabu kwa sababu moja tu: kibandani mtu hawezi kufuma wala kushona, mikono yote miwili hutakiwa ghafla, ila kitabu unaweza kukifunga na kidole ndani, ukapima lori, ukakifungua tena. Muuza vitabu alimuuliza anapenda vya aina gani. Alijibu kwamba anataka vyenye mwisho.

Nyuma ya kalenda ya kibandani aliandika namba moja hadi kumi na mbili, na chini yake akajiwekea masharti. Kila kitabu kisomwe kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, hakuna kuruka. Na kingine kisiguswe mpaka kilichotangulia kiishe. Kisha akapiga simu kwa binti yake na kumwambia kwamba mwaka huu atasoma vitabu kumi na viwili, kimoja kila mwezi. Binti alifurahi, akasema atamfuatilia.

Vitatu vya mwanzo vilikwenda kama maji. Cha kwanza kilikuwa chembamba, habari za mwizi aliyeiba saa ya hakimu. Alikimaliza kwa siku tisa na akatembea siku nzima kifua mbele. Cha pili kilimfanya ajue majina ya nyota saba. Cha tatu kilimchekesha hadi mlinzi akaja kuchungulia kama kuna usalama. Nyuma ya kalenda zikaingia alama tatu za wino mwekundu.

Cha nne ndicho kilichomshika mashati. Kilikuwa kinene kama tofali, habari za ukoo mmoja uliofanya biashara ya mbao, na aliyekiandika alikuwa hana haraka yoyote duniani. Ukurasa wa kwanza babu wa ukoo alisimama chini ya mti akifikiria kama aukate. Ukurasa wa themanini alikuwa bado anafikiria. Watoto walizaliwa, wakapewa majina yanayofanana, wakagombana juu ya msumeno. Mama Mizani alisoma ukurasa mmoja, akarudi nyuma kuangalia nani ni nani, akasoma tena uleule. Mwezi wa tano ukapita, wa sita ukaingia. Akaanza kujipa kazi: akafuta vioo vya kibanda mara mbili kwa siku, akasafisha muhuri kwa mswaki wa zamani, akajitolea kumpangia mlinzi daftari lake la wageni. Kitabu kilikaa mezani kikimtazama. Kukiacha hakuthubutu. Kukiacha kungekuwa sweta jingine.

Binti alipiga simu kila Jumapili, na kila Jumapili aliuliza. Mwanzoni mama alijibu nusunusu, kwamba anaendelea, anasukuma. Lakini Jumapili moja ya mwezi wa saba, binti aliuliza moja kwa moja amefika cha ngapi, na kabla hajajua anasema nini, ulimi ukamteleza.

"Cha saba."

"Cha saba! Kinahusu nini?"

Mama Mizani alitazama ukutani. Hapakuwa na msaada wowote pale. Akasema kinahusu mjane aliyewapangisha ndugu wawili vyumba vya uani, mkubwa na mdogo, ambao hawajasemeshana kwa miaka. Wakitaka kuambizana jambo, humtuma mjane. Mwambie mwenzangu chumvi imekwisha. Mwambie mwenzangu asifunge mlango kwa kishindo. Binti alicheka, akauliza ikawaje. Mama akasema bado hajafika huko.

Jumapili iliyofuata akalazimika kufika. Mjane alikuwa ameanza kuzibadilisha salamu kidogokidogo: aliyetumwa na matusi alifikisha pole, aliyetumwa kudai ndoo alifikisha shukrani. Jumapili ya tatu ndugu mdogo akashuku. Binti alinogewa, akakiri kwamba hata wenzake pale dukani anawasimulia, na mfamasia mwenyewe kila Jumatatu anamsubiri mlangoni kama mtu anayesubiri mshahara. Mama Mizani alikata simu akiwa ametoka jasho jembamba. Uongo wa neno moja ulikuwa umeota matawi, na kila wiki alikuwa yeye mwenyewe anaumwagilia.

Katikati ya mwezi wa nane binti alipangiwa semina ya siku mbili mjini kwa mama yake. Hakumwambia, alitaka kumshtukiza. Saa sita mchana akatokea kibandani na maembe kwenye mfuko, akamkumbatia, akaketi kwenye kiti cha akiba. Alisema amekuja na shida moja: anakitaka kile kitabu cha mjane, kama kimeisha, akamalizie mwenyewe, maana kusubiri Jumapili amechoka.

Mama alijitia kutafuta kwenye droo. Droo ilikuwa na klipu, karatasi za printa na chupa ya wino. Alipogeuka, binti alikuwa amesimama akifunua kalenda kutafuta siku za likizo, na macho yake yalikuwa kwenye ule upande wa nyuma.

"Mama, hapa kuna alama tatu."

"Ni tatu."

"Na mezani pana hiki kinene kina kijikaratasi katikati."

Lori lilikuwa limepanda mizani. Mama Mizani aligeukia skrini, akasubiri tarakimu zitulie, na siku hiyo zilichukua muda wao. Akabonyeza, akagonga muhuri, akampa dereva nakala, akamtakia safari njema. Kisha hapakuwa tena na cha kushika.

"Hakuna cha saba, mwanangu," alisema. "Hicho kinene ndicho cha nne. Nimekwama nacho tangu mwezi wa nne."

"Na mjane?"

"Mjane nilimtunga."

Binti alikaa. Alionekana kama mtu aliyeshuka ngazi akidhani imebaki moja, kumbe ameshafika chini. Alisema amewasimulia watu wazima na akili zao, kwamba mfamasia ameshaandika jina la kitabu kwenye karatasi, na lile jina nalo, aligundua sasa hivi, hakuwahi kutajiwa na mama, alilibuni yeye mwenyewe. Halafu akauliza kwa sauti ya chini kwa nini mama hakusema tu kwamba kitabu kimemshinda.

"Ulisema mimi siwezi kumaliza kitu."

"Nilisema lini?"

Mama Mizani alimtazama usoni kuona kama anajitia hamnazo. Hakuwa anajitia. Alikuwa amesahau. Sweta alilikumbuka, mfuko aliukumbuka, kicheko alikikumbuka. Neno lenyewe lilikuwa limempita kama upepo. Kwa miezi saba mama alikuwa amebeba mzigo ambao aliyemtwika hakujua kama alimtwika. Alitaka kukasirika akashindwa, akataka kucheka akashindwa pia. Akachukua embe moja akalifuta kwa kitambaa cha vioo.

Binti alikivuta kile kitabu kinene, akasoma kurasa mbili akiwa amesimama, akapiga miayo waziwazi. "Mimi ningekiacha ukurasa wa ishirini," alisema, akakirudisha. Lakini aliondoka akiwa bado amenuna kidogo, na Jumapili mbili zilizofuata simu zake zilikuwa fupi: hali, kazi, mvua, haya Mama. Mama hakumlaumu. Alijua kilichomuuma si idadi ya vitabu. Mtu akishakuamini Jumapili baada ya Jumapili, huwezi kumwambia ilikuwa mzaha.

Jumatatu baada ya semina ile alikata yale masharti kwa mstari mmoja wa wino. Alitamani kuviambia vioo vya kibanda kwamba ameshindwa, ili liwe limesemwa, lakini dereva mmoja alimkuta mdomo wazi. Huyu walimwita Kobe, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akizidisha mwendo. Alikuwa analalamika kwamba foleni ya kushusha ngano imefika nyuma ya ukuta na hana hata gazeti. Mama Mizani alimpitishia lile tofali kupitia tundu la dirisha. Liliingia kwa shida. Alimwambia asijisumbue kulirudisha.

Baada ya hapo akasoma alivyopenda. Kimoja alikiacha ukurasa wa kumi na tano na hakufa. Kingine alikisoma mara mbili mfululizo na hakujua akihesabu kimoja au viwili, akahesabu kimoja. Mwezi wa kumi alishika kitabu cha mwanamke aliyemuuguza kaka yake, na mahali fulani karibu na mwisho, kaka anapoomba asogezwe dirishani, machozi yalimtoka hadi akasahau alipo. Lori lilikuwa limekaa juu ya mizani dakika nzima, dereva akapiga honi mara tatu. Alimpimia huku akijifuta, na dereva, kwa adabu, akauliza kama kuna msiba. Akamjibu kwamba upo, ila si wa kwake.

Kabla ya hapo, Jumapili ya tatu baada ya siku ile ya kibandani, binti aliongea habari za kawaida, akaaga, kisha hakukata.

"Hivi wale ndugu walipatana?" aliuliza.

"Sijui bado," mama alijibu. "Kweli sijui."

Binti alicheka, si kile kicheko cha kukaa sakafuni, lakini kilitosha. Tangu hapo simu zikarudi urefu wake.

Mwezi wa kumi na moja Kobe alisimamisha lori lake kwenye bamba, akashuka kabla ya kuitwa, akaja dirishani na kitabu kinene kifuani. Alisema hajawahi kusoma kitu kama kile. Mama Mizani alimuuliza kama anatania. Kobe alishangaa. Alieleza, polepole kama alivyoendesha, kwamba yule bibi mkimya, mke wa mwenye mti, kufika ukurasa wa mia mbili na arobaini analitia moto ghala lote la mbao, anatoka na kikapu chake, na kuanzia hapo hakuna aliyelala usingizi. Alikisomea kwenye foleni za miji minne. Akauliza yeye aliishia wapi.

Mama Mizani alikuwa anaukumbuka ukurasa ule kama namba ya nyumba yake. "Mia mbili na kumi," alisema.

Kobe alimtazama kwa huruma ya dhati. Alitaka kumrudishia. Mama Mizani akasema hapana, akae nacho, yeye ameshaambiwa. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka tarakimu kwenye skrini zikawa ukungu, na akamwomba Kobe arudi ndani ya lori maana hawezi kulipima bila yeye.

Jumamosi ya mwisho ya mwaka binti alipiga simu badala ya Jumapili. Aliuliza hesabu imefika wapi.

"Tisa," mama alisema.

"Tisa vya kweli?"

"Vya kweli. Uniulize chochote."

Binti hakuuliza. Alisema yeye naye, wiki mbili zilizopita, alinunua kitabu, maana kule dukani wamemzoea kwa hadithi na hana tena za kuwapa. Amefika ukurasa wa arobaini na kinamtoa kamasi. Mama alimwambia akiache. Binti akasema ngoja aone mpaka kesho. Kisha wakahamia kwenye bomba la bafuni linalovuja na kama fundi aliyeitwa Alhamisi alitokea, na hakutokea.