Mafuta ya Ufuta

Lois ndiye aliyenifundisha Ayurveda, tiba ya Kihindi aliyojifunza kwa madam wake wa zamani. Alisema baridi ya Januari hukausha mwili na kumaliza nguvu, kwa hiyo ninywe maji moto ya tangawizi na nipakwe mafuta ya ufuta kabla ya kuoga. Kila asubuhi, chumbani kwetu Al Quoz, hapa Dubai, alinisugua mgongo kama dada wa tumbo moja. Nikawa mzima. Sisi ni walinzi wa jengo moja, na nilisimama mapokezi zamu nzima bila kuchoka.

Jana supavaiza wetu, Clifford, alinihamishia geti la nje, penye upepo. Nikamuuliza kosa langu.

"Unanuka mafuta," akasema. "Lois amelalamika mara nyingi. Mapokezi atasimama yeye."

Lois, ambaye hakuwahi kujipaka hata tone. Na mimi mjinga nilidhani ni kwa sababu chupa ni ndogo, ananitanguliza mimi.

Leo asubuhi, kabla sijaenda kuoga, alinijia na ile chupa, ameshaipasha moto.

"Geuka nikupake, dada," akasema. "Huko nje kuna baridi."