Mizunguko Miwili ya Mlima

Nilianza kumshuku shemeji kwa sababu ya jicho tu. Ilikuwa Jumamosi mchana, tunafanya mazoezi kwenye stoo ya karakana yake ya useremala, nami nyuma ya ngoma nikafumbua macho mapema kuliko kawaida kwa sababu jasho lilikuwa limeniingia. Nikamwona Nesi, anayepiga besi, akimtazama shemeji. Shemeji akaitikia kwa kichwa kidogo, kama mtu anayemwambia mwenzake "sasa". Kisha akapiga zile noti tatu za juu zinazotuambia tumefika kileleni, sote tukanyamaza.

Nikajisemea moyoni, hapa kuna mchezo.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kushuku na sioni haya. Ni fundi cherehani. Miaka ishirini na mbili wateja wananiletea mita tatu za kitambaa, halafu wanasimama mlangoni kunikodolea macho, kila mmoja akiamini nitaiba kipande nimshonee mwanangu kaptura. Mtu akishukiwa muda wote huo anajifunza na yeye. Kwenye bendi wananiita Futi, kwa sababu ya futi ya kupimia inayoning'inia shingoni hata nikiwa kwenye ngoma, na kwa sababu napima kila kitu.

Bendi yetu inapiga roki nzito, ile wenyewe tunaiita metali. Tuko wanne. Shemeji, kaka wa mke wangu, ndiye gitaa. Nesi ni nesi kweli, anatoka zamu anakuja na viatu vyake vyeupe. Kinyozi ndiye mwimbaji, ana sauti inayotikisa vioo vya saluni yake mwenyewe. Wa nne ni mimi. Kuta za stoo tumezifunika kwa trei za mayai ili majirani watuvumilie, na maranda yameingia mpaka ndani ya spika.

Tuna wimbo mmoja ambao ndio roho ya bendi. Unaitwa "Kengele". Tuliutunga shemeji na mimi kwa miaka mitatu. Mafundi wa chuma wanabeba kengele kubwa kwenda kuitundika juu ya mlima, watu wa pande zote mbili waisikie. Unaanza polepole, chuma kinayeyuka. Halafu safari ya bondeni, ambapo Kinyozi anaimba vizuri mpaka unasahau kwamba mchana kutwa anapaka watu povu. Halafu inakuja sehemu tunayoiita mlima: mzunguko mmoja wa gitaa unaorudiwa mara kumi na mbili, kila mara kinaongezwa kitu kidogo, na mimi miguu yote miwili iko kwenye pedali bila kupumzika. Sekunde ishirini kila mzunguko, dakika nne nzima. Kisha kimya. Kisha kengele inalia, mara moja tu.

Kile kimya ndio wimbo wenyewe. Lakini msikilizaji hakipati bure. Lazima achoke kwanza, atamani mlima uishe, akate tamaa kwamba utaisha, ndipo umpe. Ukimpa mapema anakuwa amesikia tu bendi imenyamaza. Jumla ni dakika kumi na tatu na sekunde arobaini, na kila sekunde nilishaigombania.

Nimeigombania na nani? Na shemeji huyohuyo. Miaka miwili iliyopita alisema mtu wa kawaida hana dakika kumi na nne za kumpa mtu, tuufanye wimbo dakika sita. Nikamwambia huwezi kumpandisha mtu kileleni kwa lifti halafu umdai aheme. Tukanuniana wiki nzima, mke wangu akawa mpeleka salamu baina ya kaka yake na mume wake. Mwisho alikubali, au nilidhani amekubali.

Sasa mjue tunavyofanya kazi. Mlimani mimi sihesabu mizunguko. Nafumba macho nashika mwendo, na kuhesabu ni kazi ya gitaa. Hatutumii kile kidude cha kugonga tiki-tiki masikioni. Walipokileta niliwaambia mwendo ni mimi, kikarudishwa kwenye boksi. Kitu pekee ninachofanya ni kuiweka simu juu ya ngoma kubwa, kuwasha saa ya kuhesabu tukianza na kuizima kengele ikilia. Nikiona kumi na tatu na arobaini, najua wimbo uko mzima.

Siku ile ya jicho nilisoma kumi na tatu na arobaini na moja. Hakuna kilichopungua. Lakini jicho nililiona.

Na wakati haukuwa wa kuchezea. Zilibaki wiki tatu tupige kwenye ukumbi, mara ya kwanza wimbo mzima mbele za watu. Hofu yangu ilikuwa moja na ilininyima raha ya kula: wanaukata wimbo kimyakimya, na wimbo mfupi hauhitaji mtu kama mimi, unahitaji mtu yeyote mwenye vijiti. Nitoe kwenye kile kiti, nabaki mtu wa kupunguza suruali za watu. Sikujua ningekuwa nani Jumamosi mchana.

Wiki ile dalili zikafuatana. Nilipita kwa Kinyozi nikamkuta na mpiga ngoma wa bendi moja ya harusini, vijiti mfuko wa nyuma, wote wawili wakanyamaza nilipoingia. Nywele zenyewe za yule bwana zilikuwa hazijafika hata za kunyoa. Nesi naye alinipigia simu, kitu ambacho hafanyi.

"Mguu unaendeleaje?" akauliza.

"Mguu gani?"

"Wowote tu. Nauliza."

Nikamuuliza mke wangu kama kaka yake amesema lolote kuhusu wimbo. Akakata uzi kwa meno, akasema mambo ya kelele zetu hayajui. Mke wangu hakati uzi kwa meno hata siku moja, mkasi uko mbele yake. Nikamweka na yeye kwenye orodha.

Jumamosi iliyofuata, pamoja na saa, niliwasha na kinasa sauti. Jumatatu nikakaa kibandani kwangu, nikapanga vifungo kumi na viwili vya shati juu ya meza, nikasikiliza mlima. Kila mzunguko ukiisha nasogeza kifungo kimoja upande wa pili. Noti tatu za juu zilipolia, vifungo viwili vilikuwa bado havijasogea. Nikarudia. Viwili. Nikarudia mara ya tatu nikiwa nimesimama, kana kwamba kusimama kungesaidia.

Miaka yote hiyo nashukiwa wizi wa vipande, kumbe mwizi wa vipande ni seremala.

Sikungoja Jumamosi. Kesho yake nilimkuta shemeji karakanani anapiga randa mlango. Nikavimwaga vile vifungo viwili juu ya ubao.

"Nini hivi?" akauliza.

"Mizunguko yako miwili. Umeila."

Akaweka randa chini. Akavitazama vifungo, akautazama mguu wangu, akarudi kwenye vifungo.

"Kweli," akasema. "Nimekata mimi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu atakayekana. Matusi niliyoyapanga njia nzima yakanikwama.

"Kwa nini?"

"Ulikuwa mrefu. Si nilikwambia tangu mwanzo? Mmoja niliutoa mwaka jana, mwingine juzijuzi hapa. Nesi na Kinyozi usiwalaumu, walinifuata mimi."

"Na yule wa harusini?"

"Huyo simjui." Akaokota vifungo, akaniwekea kiganjani kimoja kimoja. "Jumamosi uje, shemeji."

"Nitakuja kuchukua ngoma zangu," nikamwambia, nikaondoka.

Nilirudi na furaha mbaya, ile ya mtu aliyethibitisha kwamba anachukiwa. Nikakaa kwenye cherehani, nikaanza mshono wa suruali, na huku nakanyaga nikawa napiga hesabu ya wizi wenyewe ili niumie vizuri. Mizunguko miwili, sekunde ishirini ishirini. Arobaini. Basi wimbo ulipaswa kuwa dakika kumi na tatu kamili.

Lakini simu ilisema kumi na tatu na arobaini. Kila Jumamosi, mwaka mzima.

Nikaacha kukanyaga. Ukikata vipande viwili kwenye gauni, na gauni likabaki na urefu uleule, kitambaa kimevutika. Hilo halihitaji shule. Nikatafuta kwenye simu mazoezi ya miaka miwili nyuma, nikapima mzunguko mmoja: sekunde ishirini. Nikapima wa Jumamosi: ishirini na nne. Nikapima mwingine, na mwingine. Ishirini na nne mara kumi ni dakika nne, zilezile.

Na mwendo ni nani? Nilishasema mwenyewe, kwa mdomo wangu, mpaka kidude cha watu kikarudi kwenye boksi.

Nikautazama mguu wa kulia juu ya pedali ya cherehani. Ulikuwa unakufa ganzi tangu mwaka jana. Nilivilaumu viatu, nikabadilisha viatu mara tatu. Mke wangu alikuwa meza ya pili anapiga pasi.

"Wateja siku hizi unawaambia nguo zao lini?" nikamuuliza.

"Ijumaa."

"Zamani?"

"Zamani Jumatano."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana," akasema, na hakuinua macho kwenye pasi.

Aibu ilinipanda mpaka masikio yakawa moto. Wasingeutoa ule mzunguko wa kwanza, simu yangu mwenyewe ingekuwa imeniambia siku nyingi kwamba mguu umepungua kasi, na shemeji alijua ningefanya nini: ningebeba ngoma zangu bila kuaga. Mtu aliyetaka wimbo wa dakika sita alikuwa amekaa mwaka mzima akiupunguza wangu kwa siri ili uendelee kusoma kumi na tatu na arobaini. Halafu nilipomwita mwizi, akakubali.

Jumamosi nilikwenda. Walikuwepo wote watatu, wamekaa juu ya mbao kama watu wanaosubiri majibu ya vipimo. Ngoma zangu zilikuwa mahali pake. Nikaweka vifungo viwili juu ya spika ya shemeji.

"Rudisha," nikasema.

"Shemeji..."

"Yote kumi na miwili. Kwa mwendo wangu huuhuu nilionao. Wale jamaa wamebeba kengele, hawapandi mlima wakikimbia." Yaliyobaki yalikuwa magumu kuliko nilivyofikiri. "Na kama kuna mtu mmemtafuta, semeni sasa. Nitamwachia kiti. Naogopa, lakini nitamwachia."

Shemeji akatazama chini. Kinyozi akajikuna kidevu.

"Yule wa harusini nilimuuliza," akasema. "Shemeji yako hakujua. Nilikuwa naogopa ukumbini mguu ukugomee mbele za watu. Sitaki kukuficha, Futi."

"Akasemaje?"

"Alisema wimbo ni mrefu mno."

Nesi ndiye aliyeanza kucheka, kisha shemeji, kisha mimi, na nilicheka mpaka futi ikanidondoka. Nesi alipomaliza alinigeukia na sura ya wodini. "Jumatatu saa mbili asubuhi uje nilipo, mguu huo uangaliwe. Sikuombi."

"Nitakuja."

"Nimeshamwambia mkeo akulete," akasema.

Nikampa shemeji simu aishike yeye. Tukaanza. Chuma kikayeyuka, bonde likapita, tukaingia mlimani, na kwa mara ya kwanza sikufumba macho. Nilihesabu. Mzunguko wa kumi, pale walipozoea kukata, Nesi akamtazama shemeji kwa mazoea, shemeji akakataa kwa kichwa, tukaendelea. Wa kumi na moja mguu ukanifia kabisa, nikawa nausukuma kwa paja, na mwendo ukashuka zaidi. Niliusikia ukishuka na sikuweza kuuzuia. Shemeji hakunivuta. Alishuka pamoja nami, na Nesi akashuka, na Kinyozi akaivuta pumzi yake ikatufikia huko chini tulipokuwa. Wa kumi na mbili tuliupanda wote wanne kwa mwendo wa mtu anayehesabu ngazi.

Noti tatu za juu. Kimya. Tulikaa humo muda mrefu kuliko siku zote, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutoka. Kisha nikagonga kengele.

Shemeji akazima saa. Akaitazama simu muda mrefu, midomo ikitembea kama anasoma barua, halafu akafuta ile namba kwa kidole gumba kabla hajanirudishia.

"Ngapi?" nikauliza.

"Kumi na tatu na arobaini," akasema.

Kinyozi akakohoa. Nesi akageuka kuangalia trei za mayai. Nilimtazama shemeji yangu usoni, mwongo mbaya kuliko waongo wote niliowahi kuwapima, nikaiokota futi sakafuni, nikaikunja, nikaitia mfukoni.

"Sawa," nikasema. "Tuanze tena."