Nani Alimwambia Shemeji?

Msagaji alikuwa na hakika ya mambo mawili tu duniani: kwamba unga wake hauna mchanga, na kwamba ndani ya nyumba yake mwenyewe kuna mtu anamchoma kwa Shemeji.

La unga halina mjadala, mtaa mzima unakula. Hilo la pili lilianza msimu uliopita, pale kwa Kinyozi, siku ya kugawana wachezaji. Ukiwa mgeni, utaratibu ni huu. Watu watano wana ligi yao, wanaiita ligi ya benchi, maana benchi la kusubiria kunyolewa ndilo ofisi yao. Timu za mbali hawana habari nazo. Wanaichukua timu moja tu, Nyuki, ile ya jezi za njano yenye uwanja nyuma ya soko, na wanagawana wachezaji wake kwa zamu. Ukishamtaja mchezaji ni wako msimu mzima. Mwenzako akimtaka, akatafute mwingine. Akifunga, unapata pointi. Akitoa pasi ya bao, pointi. Beki na kipa wakimaliza mechi bila kufungwa, pointi. Akila kadi nyekundu, unarudi nyuma huku watu wanakucheka. Na atakayeshika mkia, msimu unaofuata hakai kwenye benchi. Kunyolewa ruhusa, lakini akishanyolewa aende kwao.

Usione ni mchezo. Fundi Viatu alishika mkia msimu uliopita, na mtu aliyekuwa na kicheko cha kujaza nyumba sasa anapita mbele ya kinyozi akijifanya ana haraka. Msagaji aliponea kwa pointi moja. Kila alipomuona Fundi Viatu akikata kona na mfuko wake wa nyundo, alijiona yeye ndiye ameubeba. Yeye nje ya benchi? Umbea wote upite bila yeye? Afadhali mashine ife.

Na alijua kilichomponza. Kila alipofungua mdomo kumtaja mchezaji wake, Shemeji, muuza nyama, mdogo wa mkewe, alikuwa ameshamtangulia. Mara ya kwanza ukisema bahati, sawa. Ya pili je? Ya tatu? Tena Shemeji mpira wenyewe haujui, anadhani kuotea ni ugonjwa.

Kwa hiyo msimu huu Msagaji alikaa macho. Na ukikaa macho, unaona.

Aliona kwamba kila akianza habari za Nyuki, mkewe anainuka kwenye cherehani na kufunga dirisha. Tena siyo dirisha lolote, lile linalotazama bucha la Shemeji. Joto linawachoma, watoto wanajipepea kwa madaftari, mama wa watu anafunga dirisha. Kisha anaongeza redio. Redio ya matangazo ya dawa za mende! Nani anaongeza sauti ili asikie habari za mende?

"Mbona unafunga?" alimuuliza siku moja.

"Vumbi."

"Vumbi lina saa? Mbona haliingii nikiwa nakula?"

Mkewe akamtazama, akataka kusema kitu, akameza. Akasema tu, "Ulikwenda kwa daktari kama nilivyokuomba?"

"Daktari wa nini? Mimi mzima kama chuma. Usinibadilishie mada."

Msagaji akahesabu yote hayo kichwani. Dirisha likifungwa, ni ishara. Redio ikipanda, mtu anapiga simu. Na hilo la daktari lilikuwa la kumtoa njiani. Usiku aligeuka geuka kitandani akimwangalia mwanamke aliyeishi naye miaka yote hiyo, akijiuliza kama damu ya mdogo wake ni nzito kuliko ndoa. Benchi lilikuwa benchi, lakini hili lilimuuma mahali pengine.

Akatega mtego. Watu waliokuwa karibu na siri zake ni watatu: mkewe; Binti, mkubwa wa watoto, anayependa kushinda buchani kwa mjomba wake; na Mbebaji, anayemsaidia magunia pale mashineni. Kila mmoja angepewa jina lake peke yake. Jina atakalolitaja Shemeji ndilo litakalomuumbua aliyevujisha.

Majina yenyewe aliyachagua kwa ufundi, maana Nyuki aliwajua kama anavyojua mikanda ya mashine. Alikuwa akienda mazoezini, anasimama nyuma ya goli, anatazama miguu siyo sura.

Mkewe alipewa Sabuni, winga wa kulia. Msagaji alimfuata jikoni, akainama karibu na sikio lake, akashusha sauti.

"Nakwambia wewe tu. Msimu huu Sabuni! Mtu anateleza, beki hamshiki. Kocha mpya kamjengea timu nzima. Namchukua wa kwanza!"

Paka aliyelala juu ya gunia akaruka akatokomea uani. Mkewe alikuwa tayari ameshafika dirishani.

Ukweli ni kwamba Sabuni alikuwa akishika paja kila baada ya mbio, na kocha alimtoa kila mechi kabla watu hawajamaliza karanga zao.

Binti alipewa Mnara, beki wa kati, wakiwa bombani wanakinga maji. "Kichwa kama nyundo, mwanangu. Kona zote zake. Usimwambie hata mama yako." Ukweli: Mnara ana hasira, akiguswa anapiga, na kadi nyekundu kwake ni kama sare ya kazi.

Mbebaji alipewa Komeo, kipa, mashine ikinguruma, foleni ya wateja imeshika ndoo zao. "Hafungiki huyu!" Ukweli: Komeo magoti yamechoka, na kijana wa akiba ameanza kupangwa mazoezini na kikosi cha kwanza.

Mchezaji wake hasa hakumtaja kwa kiumbe. Wala kwa ukuta.

Siku ya kugawana, kwa Kinyozi palijaa. Benchi limejaa, mlango umejaa, wake na watoto wameingia, mtu aliyekuja kunyolewa kweli amekaa na povu shavuni hajui hatima yake. Mke wa Msagaji alikuja na suruali ya mteja ya kupinda, akakaa pembeni na sindano yake. Zamu zilipigiwa kura kwa vifuniko vya soda. Shemeji wa kwanza. Kisha Mama Pacha, jirani wa ukuta mmoja na Msagaji, aliyerithi kiti cha Fundi Viatu. Kisha Kinyozi, kisha Dereva wa lori aliyerudi safari asubuhi hiyohiyo. Msagaji wa mwisho.

"Haya, Shemeji, fungua," Kinyozi akasema.

Shemeji akajifuta mikono kwenye aproni kana kwamba anataka kukata nyama ya harusi. "Mimi sina maneno. Sabuni."

Msagaji akaruka juu. "Nimekukamata!" Kidole hakikuelekea kwa Shemeji, kilielekea pembeni, kwenye suruali na sindano. "Ni wewe! Ndani ya nyumba yangu! Sabuni nilikwambia wewe peke yako, jikoni, kwa kunong'ona. Dirisha, redio, kumbe ndiyo kazi! Unaniuza kwa mdogo wako!"

Hata povu la mteja lilisita kudondoka. Mkewe hakuinua macho. Alikata uzi kwa meno, akatunga mwingine.

"Zamu ya nani?" akauliza, taratibu.

"Yangu," Mama Pacha akasema, naye akionekana ana jambo la kusema lakini ameona amalize zamu yake kwanza. "Mnara."

Msagaji akakaa. Mnara? Huyo alimpa Binti. Akamtafuta Binti kwa macho, akamuona anamsuka mtoto wa watu mlangoni, hana wasiwasi.

"Mimi Komeo," Kinyozi akasema.

Na Mbebaji pia? Sasa hakuwa na mtu. Nyumba yote imemuuza, na mashine imemuuza, imebaki ndoo tu.

Dereva, ambaye hakuwepo mtaani wiki nzima, akamchukua Kisu, mfungaji, bila kufikiri mara mbili.

"Nani aliwaambia?" Msagaji akauliza. Sauti ilikuwa ya mtu anayelia, ila kubwa. "Mnara alikwambia nani, Mama Pacha? Mwanangu?"

Mama Pacha hakuweza tena. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Baba wee, uliniambia wewe! Nilikuwa naanika nguo ghorofani, ukanitangazia kutoka bombani. Hata mtu wa kokoto alisimamisha mkokoteni asikilize."

"Mimi nilikuwa kwenye foleni na ndoo yangu," Kinyozi akasema. "Mbebaji alikuwa anakuomba upunguze sauti kwa mikono, ukadhani anakupungia."

"Na mimi nipo buchani," Shemeji akasema, aibu kidogo ikimjia. "Nakata nyama, nasikia 'nakwambia wewe tu'. Shemeji, ukiniambia mimi tu, nifanyeje? Msimu uliopita hivyohivyo. Ukiandika, unajisomea kwa sauti."

"Nilinong'ona!"

"Wewe na ile mashine mmeishi sana," Mama Pacha akasema, sasa bila kucheka. "Ukinong'ona ndiyo sisi tunaongea. Na huyo unayemnyooshea kidole anafunga madirisha ili tusikusikie. Redio ya mende anaiongeza kwa ajili yako. Sisi majirani tumemlaumu kwa kutuharibia utamu."

Msagaji akamgeukia mkewe. Sindano iliingia, ikatoka, ikaingia.

"Zamu yako," mkewe akasema. "Watu wanasubiri."

Akakohoa. "Posta."

Minong'ono ikapita kwenye benchi. Posta, beki wa kushoto? Kisha Dereva akapiga mluzi, maana aliona kabla ya wengine. Mpiga kona wa Nyuki ameuzwa. Na mguu wa kushoto uliobaki ni mmoja tu, wa Posta. Kona zake, mipira ya adhabu yake. Pasi za mabao zinakuja, na lango likiwa safi, pointi za beki zipo palepale.

"Kumbe Sabuni ulinilisha tu," Shemeji akasema polepole, na Kinyozi akamtazama Msagaji kama mtu aliyeuziwa kipa mwenye magoti ya kuazima. Siku nyingine Msagaji angecheza dansi juu ya benchi lile. Siku hiyo aliona mkewe akikunja suruali, akiaga watu vizuri, akitoka.

Alimkuta nyumbani amekaa kwenye cherehani. Haikuwa inazunguka.

"Niliumia," mkewe akasema kabla hajaulizwa. "Sikukwambia kuhusu masikio kwa sababu kila nikitaja daktari unafura. Nikaona nifunge dirisha, basi. Kumbe unanipeleleza." Akanyoosha kitambaa kisicho na mkunjo. "Na Posta nilimjua."

"Ulimjua? Nani alik—"

"Hawa wengine uliwasifu kwa sauti ya mnada. Redio ikimtaja Posta, unanyamaza. Wewe hunyamazi. Nikajua ndiye. Na sikumwambia mtu."

Msagaji akakosa pa kuweka mikono. Kesho angekwenda kwa daktari, alisema, naapa. Kisha akasogea, akainama, akataka kuomba msamaha kule sikioni. Mkewe, kwa mazoea tu, akainuka akashika dirisha.

"Acha," Msagaji akasema. "Nilikutukana mbele za watu. Acha wazi."

Akasimama katikati ya chumba, akavuta pumzi, akasema kwamba alimkosea mkewe, kwamba hakuna aliyemuuza, kwamba mwenye mdomo ni yeye mwenyewe, na anaomba radhi.

Bucha likanyamaza. Upande wa pili wa ukuta, Mama Pacha akagonga mara mbili: "Tumekusikia, baba!"

Mkewe akarudi kwenye cherehani, akaweka mguu kwenye pedali. Mdomo ulikuwa unapigana na kicheko.

"Rudia," akasema. "Fundi Viatu hajasikia."