Mbuzi Aliyeitwa Mulongo

Upindo wa kitambaa cha thelathini na moja ulikuwa ukipita chini ya sindano Élisa aliposikia mbuzi akikohoa nyuma ya nyumba. Hakuinua kichwa. Mguu wake uliendelea kukanyaga kibao cha cherehani, taratibu, na kitambaa cha buluu kikaendelea kutoka upande wa pili kimenyooka.

Vilitakiwa sitini. Vya manjano na vya kijani vilikuwa tayari, vimekunjwa ndani ya beseni. Vilibaki vya buluu na vyeupe. Kila kijana wa kambi ya kanisa angefunga chake shingoni, ili hata akionekana kwa mbali, mtoni au kisimani, ijulikane ni wa kundi gani na nani wa kumwita.

"Mama," alisema Shekina, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka akikata nyuzi kwa mkasi, "Mulongo anakohoa vumbi."

"Mpe maji."

"Nimempa. Hataki. Anataka kusafiri."

Mbuzi aliitwa Mulongo kwa sababu ndiko alikokuwa akienda. Shekina, mwenye miaka kumi, alimpa jina hilo bila kufikiri sana, kwani hata mbuzi waliotangulia waliitwa hivyo hivyo. Huyu alikuwa wa nne.

Élisa alifundisha darasa la tano katika shule ya Wamethodisti, na kwa miaka kumi na moja alikuwa ndiye anayeongoza vijana wa kanisa kwa upande ule wote wa Kamina. Likizo kubwa ilipofika, walimu wenzake walienda kuwaona ndugu zao. Yeye alipanda lori na vijana. Mwaka mmoja Kabongo, mwaka mwingine Kaniama, mwingine Luena. Aliporudi, Agosti ilikuwa imekwisha kuliwa nusu, na sare za shule zilikuwa zikimngoja. Hakuwa mtu wa kulalamika, maana kazi ile aliipenda. Lakini mama yake mzazi alikuwa Mulongo, ng'ambo ya mabwawa, na Shekina alimjua bibi yake kwa sauti ya simu tu.

Ndiyo maana mwaka huu aliomba kamati ikubali kambi ifanyike Mulongo kwenyewe. Kamati ilikubali. Treni hadi Bukama, kisha boti kuteremka Lualaba. Kazi ya Mungu na safari ya familia katika njia moja. Tangu Pasaka Élisa alitembea na furaha hiyo kama mtu aliyeficha yai mfukoni. Zilibaki siku tisa.

Mira alifika kwa pikipiki ya kukodi, akashuka akipangusa vumbi magotini. Alikuwa mwalimu pia, mwanamke wa miaka ishirini na minane, msaidizi wa Élisa kwa kambi sita mfululizo, na alimwita Yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya Élisa, bado uko unashona? Nilifikiri tayari umefika vyeupe."

"Kama ungekuja asubuhi, tungekuwa vyeupe."

"Asubuhi nilikuwa nafua. Ama mu kambi nitavaa nini, kitambaa cha shingo peke yake?"

Shekina alicheka hadi mkasi ukaanguka. Mira akaketi kando yake, akachukua kitambaa na kuanza kung'oa nyuzi za pindo kwa meno.

Hapo simu ya Élisa ikalia mara moja juu ya meza. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka kwa mama yake. Mama Kyabu hakupenda kuandika, lakini kuzungumza ndani ya simu alikujua sana. Élisa alibonyeza na kuendelea kukanyaga cherehani.

"Élisa, mwana wangu. Ni minyi mama yako. Jana mu kanisa pasta Mukalay alisoma majina ya bantu ya kambi. Akasema: mukubwa wa jikoni, Mama Kyabu. Nikaitika amina. Akasema tena: mwenye kupima na kugawa chakula, Papa Malachie wa Kamina. Bamama yote bakageuka kuniangalia. Sasa unieleze, Élisa. Asubuhi mukwe wangu atanipimia bunga, mangaribi nitamupakulia bukari ya ile bunga na mukono yangu? Tutaangaliana juu ya sufuria moja, na mbuzi haiyafika? Ama kule Kamina muliisha kuondoa haya kwa telefone?"

Mira alicheka kwanza. Kisha akamwangalia Élisa, akaacha.

Mguu wa Élisa ulikuwa umesimama. Sindano ilibaki ndani ya kitambaa.

Kila mtu wa kwao angeelewa bila kuelezwa. Mkwe wa kiume na mama wa mkewe hawali mmoja mbele ya mwingine. Wakikutana njiani, mmoja hupinda. Si chuki, ni haya, na haya hiyo ni heshima. Inaondolewa siku mume anapofika kwa mama mkwe na mbuzi, mkewe akiwa kando yake, akapokelewa mlangoni, na mama akala mbele yake kwa mara ya kwanza. Tangu siku hiyo ni mwana. Kabla ya siku hiyo ni mgeni aliyemchukua binti.

Malachie, mumewe Élisa, alikuwa mgeni kwa miaka kumi na miwili.

Élisa alichukua karatasi ya mpangilio mezani, akaisoma upya. Aliiandika mwenyewe mwezi wa tano, jioni moja, akiwa na peni mbili za rangi tofauti. Nani anapika vizuri kwa watu wengi? Mama Kyabu, aliyepikia misiba na mikutano ya kanisa tangu ujana wake. Nani anapima unga bila kupunguza wala kuzidisha? Malachie, karani, mtu wa mizani. Kila jina lilikaa mahali pake. Aliandika kama mkuu wa kambi. Binti na mke hawakuwapo alipokuwa akiandika.

"Tufute jina moja," alisema Mira kwa upole. "Njo hivyo tu, Yaya. Kwa jikoni tumuweke mama mwingine."

"Ndiyo," alisema Élisa. "Tufute." Lakini hakuchukua peni.

*

Malachie alirudi kutoka ofisini saa kumi, akitembea na baiskeli yake badala ya kuipanda, kama alivyozoea akiwa na jambo la kufikiri. Alimsalimia Mira, akamshika Shekina kichwani, akaenda kumtazama mbuzi. Aliporudi, Élisa alimsikilizisha ujumbe wa mama yake. Alisikiliza hadi mwisho, amesimama, kofia mkononi. Hakuonekana kushangaa.

"Uliona karatasi?" Élisa aliuliza.

"Niliona. Iko mu ukuta ya kanisa tangu wiki mbili."

"Na ulinyamaza?"

"Nilisema, pengine Mama Shekina na mama yake balipatana. Pengine bameondoa ile desturi." Aliketi kwenye kigoda. "Nilingoja uone weye mwenyewe. Karatasi ni yako."

"Tutafuta jina la mama jikoni. Mira ameshapata mwingine."

Malachie alifikiri. Hakuwahi kujibu haraka, hata alipokuwa anamchumbia. Wajomba zake Élisa walidhani ni mjinga.

"Sawa. Lakini hata mukifuta, nitapita mbele ya mulango wake kila siku na mufuko ya bunga ku bega. Na weye utakuwa na filimbi mu kinywa. Nani atanisindikiza? Mukwe hajipeleki. Muke wake njo anamupeleka." Alisema bila kupandisha sauti. "Afadhali nibaki Kamina. Uende na Shekina. Kazi ya Mungu isikwame sababu ya mbuzi."

Shekina aliacha kukata nyuzi. "Na Mulongo abaki?"

"Abaki na minyi."

Élisa alijua maana yake, kwa sababu aliwajua mbuzi wote. Wa kwanza Malachie alimnunua mwaka wa harusi, akafa kwa ugonjwa wakati wao wanangoja kambi iishe. Wa pili alichinjwa kwa ajili ya vijana wa kambi ya Kabongo, nyama ilipokosekana. Élisa mwenyewe ndiye aliyemwomba mumewe, na Malachie alimfungua kamba. Wa tatu alizeeka uani, wakamla Krismasi. Mbuzi wanne, na hakuna hata mmoja aliyeona Lualaba.

Alikumbuka pia jambo alilosema mama yake kabla ya harusi. Malachie alizaliwa Kamina, lakini wazazi wake walikuwa watu wa Kasai, na mwaka wa tisini na tatu, watu wa Kasai walipofukuzwa, akiwa mtoto, walimpakia kwenye treni pamoja na godoro moja na kuku wawili, wakaenda wasikokujua. Alirudi akiwa mtu mzima. Wajomba waliuliza: huyu, nyumba yake ni wapi? Mama Kyabu akawajibu: "Mwacheni aje. Siku akileta mbuzi, tutakula pamoja, na nyumba yake itakuwa hapa." Malachie aliletewa maneno hayo na wapatanishi. Hakuwahi kuyarudia mbele ya watu. Alifuga mbuzi tu.

Mshika mbili, moja humponyoka. Élisa alikuwa akiwaambia vijana hivyo kila mwaka, aliposema nao juu ya masomo na starehe.

"Treni ya Bukama iko Jumamosi pia," alisema.

Mira alimtazama. "Jumamosi hii? Vijana wanasafiri Jumatano, Yaya."

"Vijana, ndiyo. Sisi Jumamosi. Mimi, Papa Shekina, Shekina na mbuzi. Tutafika kwa mama siku nne kabla yenu."

"Na vijana batasafiri na nani?"

Élisa alimwangalia. Mira alielewa, akakiacha kitambaa kianguke mapajani.

"Minyi? Na batoto sitini ya bantu? Mu boti? Yaya, ulinikosea nini?"

"Umesafiri na vijana mara ngapi?"

"Nilisafiri nyuma yako! Nyuma yako hata mamba inaogopa."

Malachie aligeuza uso ili acheke. Élisa hakucheka. Aliogopa kweli. Wazazi wale walikuja mmoja mmoja kwenye ukumbi wa kanisa, wakaandika majina ya watoto wao mbele yake. Walimwangalia yeye usoni. Mama mmoja, aliyefiwa na mtoto ziwani zamani, alimshika mkono muda mrefu kabla ya kuandika. Kama kungetokea jambo, Élisa angekuwa ameketi kwa mama yake akila mbuzi.

"Kesho nitaenda nyumba kwa nyumba," alisema. "Nitawaambia wazazi kwamba ni Mira anayewachukua watoto. Asiyekubali, atamwacha mtoto wake nyumbani, na sitamkasirikia."

"Wakikataa wote?" aliuliza Malachie.

"Basi Mira atakuja peke yake, ale mbuzi na sisi."

"Hapo njo nakubali," alisema Mira haraka, na safari hii hata Élisa alicheka.

Aliingia ndani akatoka na filimbi yake, ile ya chuma yenye kamba iliyofifia, akaiweka juu ya mpangilio mbele ya Mira. Mira hakuigusa papo hapo. Aliitazama kama mtu anayetazama sahani ya mwenziwe. Kisha akaifunga kwenye pindo la kitenge chake.

"Siku ya kwanza ya kambi utafungua weye," alisema.

"Utafungua wewe. Mimi nitakuja siku ya pili, mama akinipa ruhusa."

Malachie alikuwa ametazama chini muda wote. Alifungua vifungo vya mikono ya shati lake, akavifunga tena. "Mama Shekina," alisema, "usifanye kwa sababu nilinuna."

"Ulinuna lini? Mimi sikukuona."

"Nilinuna ndani."

"Miaka kumi na miwili?"

"Hapana. Miaka mingine nilisahau."

Élisa akampigia mama yake. Simu ilikatika mara mbili, kisha Mama Kyabu akaitika kwa sauti kubwa, nyuma yake kukisikika mtu akitwanga. Élisa alimweleza: Jumamosi, wanaondoka watatu, na mbuzi. Jikoni kwa kambi atapika mama mwingine. Yeye angoje mlangoni tu.

Kule Mulongo mchi ulisimama.

"Muko na mbuzi ya kweli?" aliuliza Mama Kyabu.

"Ya kweli, mama."

"Dume?"

"Dume."

"Miaka yote nasikia mbuzi, mbuzi. Muipatie telefone. Niisikie."

Malachie aliinuka mara moja akaingia chumbani, kwa sababu sauti ya mama mkwe ilikuwa wazi na haya ilikuwa bado. Shekina aliichukua simu akakimbia nyuma ya nyumba, Mira akimfuata. Élisa aliwasikia wakimbembeleza: "Mulongo, sema! Sema kwa bibi!" Mbuzi aliyekohoa mchana kutwa alinyamaza kama mzee aliyeitwa kutoa ushahidi. Wakamvuta sikio. Wakamnyima jani. Mwishowe akalia mara moja, kwa hasira, na kutoka ndani ya simu Mama Kyabu akapiga vigelegele vilivyofika hadi barazani, hadi chumbani.

Malachie hakutoka chumbani upesi. Élisa hakumwita.

Jua lilikuwa limeshuka kwenye paa la jirani, na mwanga wa barazani haukutosha tena kuona mshono. Alihesabu: thelathini na nusu. Kabla ya Jumamosi kulikuwa na wazazi wa kutembelea, nyumba ya kuacha, kamba mpya ya mbuzi ya kusuka, na vitambaa ishirini na tisa ambavyo havijaguswa, pamoja na hiki chenye sindano ndani yake. Mira aliporudi alitaka kuchukua vile vyeupe akavishone kwake, kwa mkono.

"Viache," alisema Élisa. "Njoo kesho mapema. Utakanyaga wewe, mimi nitakunja."

Hakuitoa sindano. Aliacha kitambaa cha buluu mahali kilipokuwa, nusu kikiwa na upindo na nusu bila, akakifunika pamoja na cherehani kwa shuka ya zamani, akaenda kumfungia mbuzi.