Tangazo la Nyumba ya Tanambao

Wivu wa Oumi haukuanza na nyumba. Ulianza na harusi. Charifa, dada yake mkubwa, aliolewa kwa ada kamili: ng'ombe wakachinjwa, wazee wakavaa majoho, na mtaa mzima wa Tanambao, hapa Mahajanga, ukala ukasaza. Zamu ya Oumi ilipofika baba alikuwa amekwisha kufa, na ndoa yake ilifungwa kwa kahawa na tende. Charifa akamfuata mumewe kisiwani Nosy Be, kwenye kazi ya kukamua mafuta ya mlangilangi, na kila alipokuja kutembea alikuja na harufu nzuri na bangili mpya. Oumi alimpokea kwa mikono miwili, lakini macho yake hayakubanduka kwenye bangili.

Nyumba nayo ilikuwa ya Charifa. Kwa sisi wenye asili ya Ngazija, baba humjengea nyumba binti wa kwanza. Hilo halikuandikwa popote, lilijulikana tu. Lakini aliyeziba matundu ya mabati ni Oumi. Aliyemwogesha mama na kumlisha mpaka pumzi ya mwisho ni Oumi, tena akiwa mjane. Hata hivyo wapita njia walielekezana, "Pale, kwa Charifa." Neno hilo lilimchoma kila aliposikia, na alilisikia kila siku.

Uhuru ulipofika mwaka wa pili, mambo ya serikali yakabadilika. Zamani amri za Wafaransa zilipigiwa ngoma sokoni, mwenye masikio akasikia. Sasa ilisemwa kwamba mwananchi anayetaka hati ya kiwanja aandikishe jina lake ofisini. Tangazo litabandikwa kwenye ubao wa ofisi na kwenye mlango wa nyumba yenyewe, likae hapo mpaka mwezi uishe. Mwenye kupinga aje aseme. Asipokuja mtu, hati inatoka.

Oumi alisikiliza maelezo hayo kwa makini, akaelewa jambo moja: ubao uko Mahajanga, na Charifa yuko Nosy Be. Kesho yake akaenda kuandikisha jina.

Tarishi wa ofisi, Attoumane, alikuja na ndoo ya uji wa muhogo wa kubandikia na karatasi yenye muhuri.

"Bweni Oumi, hodi!" aliita, kwa Kingazija cha kumheshimu mwanamke. "Nibandike wapi?"

"Nyuma ya mlango."

"Nyuma ya mlango? Serikali imenituma niwatangazie mende?"

"Basi juu kabisa, chini ya paa."

"Huko atasoma twiga, na Madagaska hatuna twiga." Akachovya brashi yake. "Nabandika usawa wa macho, kama sheria inavyotaka. Na uwafukuze mbuzi, wanaupenda uji huu. Mtaa wa pili wamekula tangazo la kodi lote, mpaka muhuri."

Karatasi ilikuwa ya Kifaransa na Kimalagasi. Watu wa mtaa ule walizungumza Kingazija nyumbani na Kimalagasi sokoni, na wengi walijua kusoma msahafu, lakini herufi zile za ofisini ziliwashinda, na Oumi pia. Attoumane alimwonyesha kwa kidole mahali jina lake lilipo. Akalitazama kama mtu anayetazama sahani ya mwenzake.

Mwezi ule alisali kwa bidii kuliko kawaida. Aliona haya kumwomba Mungu nyumba ya dada yake, kwa hiyo aliomba kheri tu, bila kutaja. Lakini Mungu hahitaji kutajiwa, na Oumi alilijua hilo, na ndiyo maana aliinuka kwenye mkeka haraka.

Jambo ambalo hakulifikiria ni majirani. Mtaani, tangu enzi za Wafaransa, karatasi yenye muhuri mlangoni ilikuwa na maana moja: nyumba itavunjwa. Bibi Kouraichia, wa nyumba ya mbele, alivuka njia kuja kuuliza.

"Ni mambo ya serikali tu," alijibu Oumi, akarudisha mlango.

Jibu fupi lilimtia Kouraichia hofu zaidi. Akawakusanya wanawake wa mtaa, wakashauriana, na wote wakakubaliana kwamba adabu ni moja: habari ya nyumba hupelekwa kwa mwenye nyumba. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Mkwewe Kouraichia aliendesha lori la kwenda kaskazini. Akalipeleka neno mpaka Ankify, na pale gatini mabaharia wakalivusha mpaka Nosy Be: Charifa, serikali inavunja nyumba yako.

Mwezi ulikuwa unakaribia kwisha Charifa alipofika. Lori alilopanda lilikuwa limeharibika Belobaka, nje kidogo ya mji, na kutoka huko alikuja kwa miguu, vumbi mpaka kwenye nyusi, kifurushi kichwani.

"Wako wapi wanaovunja?" alipiga kelele kabla ya salamu.

Wanawake wakatoka. Kouraichia akamshika mkono. Attoumane, aliyekuwa akipita na ndoo yake, akaitwa asome. Alisoma kwanza kwa Kifaransa, kwa sababu ndiyo kazi yake, kisha akaeleza kwa Kingazija, sauti ikishuka kila neno. Haivunjwi. Oumi anaomba iandikwe kwa jina lake.

"Alhamdulillahi, kumbe haivunjwi!" alisema Kouraichia. Halafu akamtazama Oumi kizingitini. "Lo. Afadhali ingevunjwa."

Charifa alimwingiza Oumi ndani, akafunga mlango. Wakakaa kwenye mkeka, kila mmoja akitazama upande wake.

"Ungeniambia," alisema Charifa.

"Ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Basi."

"Basi nini, Oumi? Mimi ni dada yako!"

"Ndiyo, dada yangu. Harusi yako, dhahabu yako, mume yuko hai, wako. Na hata paa ninalolipanda kuziba kila masika, lako. Mimi changu nini?"

"Mama," alisema Charifa. "Mama alikuwa wako. Mimi nilipata habari amekwisha kuzikwa. Unajua nimekuonea wivu kiasi gani? Nasimama kusali, nakuona wewe unamwosha miguu, nasahau rakaa. Sijui hata kama aliniuliza."

Oumi alikuwa na jibu, na kwa miaka yote hakulitoa kwa mtu. Siku za mwisho mama hakumtambua. Kila Oumi alipomshika mkono, kila alipompa maji, mama alitabasamu na kusema, "Charifa." Hakulitaja jina la Oumi hata mara moja. Neno hilo lilimuuma kuliko harusi, kuliko bangili, na alikuwa amelifungia ndani ili dada yake asilipate na hilo pia.

Aliomba moyoni apewe nguvu, na safari hii aliomba kwa kutaja.

"Alikuita," alisema. "Mimi nilimnywesha, yeye akakuita wewe. Mpaka mwisho."

Charifa alijifunika uso kwa leso, akalia kwa sauti. Oumi hakulia. Alijihisi mwepesi na maskini, kwa wakati mmoja.

Lakini kulia si kusamehe. Asubuhi Charifa alivaa, akaenda ofisini, Oumi nyuma yake. Karani akauliza nani anapinga.

"Mimi."

"Unapinga nini?"

"Napinga jina kuwa moja. Yaandikwe mawili."

Oumi aligeuka kumtazama. Charifa hakugeuka.

"Majina mawili ni tangazo jipya," alisema karani kwa uchovu. "Mwezi unaanza upya."

"Na uanze," alisema Charifa.

Siku hiyohiyo Attoumane alikuja, akabandika karatasi mpya juu ya ile ya zamani. Oumi alisogea.

"Nionyeshe majina."

Akamwonyesha. La Charifa lilikuwa juu, la Oumi chini yake.

"Kwa nini lake limetangulia?"

"Alizaliwa kwanza, bweni. Hata serikali ya uhuru haina la kufanya hapo."

Oumi alisimama akiitazama mistari ile miwili. Wivu uleule ukampanda. Akasema bismillahi kimoyomoyo.

"Pakaza na pembeni," alimwambia Attoumane. "Lisije likabanduka."