Jina Ndani ya Kisanduku

Kikao cha dharura cha Alhamisi, cha kumtafuta aliyeingiza kirusi kwenye kompyuta ya shule, kilihudhuriwa na watu watano, akina mama wawili na akina bwana watatu: Mai Nasibeko, mwalimu mkuu; Bambo Mtawali, makamu wake; Bambo Zidana, mwakilishi wa wazazi, aliyefunga duka lake la mbolea ili aje; Mai Namalomba, karani wetu wa mkataba; na mimi, Khonje, mwalimu wa hisabati na mtunzaji wa kompyuta. Kompyuta yenyewe ilikuwa juu ya meza, imezimwa.

Jumanne nilikuwa nimeisafisha. Kirusi kilikuwa kimezificha alama zote za kidato cha nne, nami nilizirudisha bila kupoteza hata moja. Jumatano asubuhi ilipowashwa kikajitokeza kisanduku cheupe, kikisema kwamba faili fulani halikupatikana. Sikushtuka. Kirusi kilikuwa kimejiandikisha kwenye orodha ya programu zinazoamka pamoja na kompyuta. Nilikuwa nimekifuta chenyewe, lakini ule mstari wa kukiita ulibaki. Basi kila asubuhi kompyuta ilikiita, haikukipata, ikalalamika. Ilikuwa kazi ya dakika tano. Lakini matengenezo mimi huyafanya Ijumaa, na sikuona sababu ya kuvunja ratiba kwa usumbufu mdogo kama huo.

Ambacho sikukizingatia ni kwamba kisanduku kilitaja mahali kamili faili lilipokuwa limekaa, na katikati ya maelezo hayo, kwa herufi ambazo yeyote angezisoma, palikuwa na neno Namalomba. Kompyuta yetu ina akaunti moja tu. Ilifunguliwa kwa jina lake siku ilipoletwa, na sote tunaitumia.

"Iwashe, Bambo Khonje," alisema Mai Nasibeko.

Niliiwasha. Kisanduku kikatokea. Bambo Zidana alivaa miwani, akasogea.

"Na-ma-lo-mba. Ee! Hata mashine imechoka kumfichia siri."

"Jana imemtaja, leo imemtaja," alisema makamu akicheka. "Sasa hapo utabisha nini, mama?"

"Mimi flashi sina, Bambo," alijibu Mai Namalomba. "Na simu yangu hii ni ya tochi. Ningeingiza nini humo, kidole?"

"Unaona? Majibu yenyewe ndiyo hayo," alisema makamu.

Nilisimama nikaeleza kwa mpangilio, hatua baada ya hatua, kama ninavyofundisha milinganyo. Nilisema kwamba jina lile ni la akaunti, si la mkosaji. Nilisema kwamba kirusi kiliingia Jumamosi saa tano na robo asubuhi, na kwamba siku hiyo Mai Namalomba alikuwa Mulanje kumzika shangazi yake, kwa ruhusa ya maandishi ya mwalimu mkuu mwenyewe.

"Na ofisi alifungua nani?" aliuliza Bambo Zidana.

"Funguo alikuwa nazo makamu. Jumatatu alituonyesha video ya harusi ya mpwa wake kwenye kompyuta hii hii. Iliingizwa Jumamosi ile ile, kutoka kwenye flashi yake."

Laiti Bambo Mtawali angekasirika. Alitabasamu tu.

"Harusi ya watu imekuwa ugonjwa leo, mwalimu? Mbona uliitazama mpaka mwisho, ukauliza yule msimamizi wa bibi harusi ameolewa au bado?"

Walicheka. Mai Nasibeko naye alificha mdomo kwa kiganja.

"Nipeni dakika tano," nilisema. "Nifute mstari mmoja, tuiwashe upya, mtaona jina halipo."

"Makubwa haya!" Bambo Zidana aligonga meza. "Unataka kufuta ushahidi mbele yetu? Si ungesubiri angalau tutoke nje?"

"Na kwa nini hukuufuta jana?" aliuliza Mai Nasibeko.

"Matengenezo ni Ijumaa, Mai."

Mai Namalomba alinigeukia taratibu. Tangu kikao kianze hakuwa amenitazama.

"Kwa hiyo jana ulikiona kisanduku hiki, Bambo? Ukaniacha nacho?"

Nilianza kumweleza tena ratiba ya Ijumaa.

Mai Nasibeko alijua ukweli. Niliona macho yake yakienda kwa makamu, yakakaa hapo kidogo, kisha yakahamia dirishani. Mkaguzi wa wilaya alikuwa anakuja Jumatatu, na kwa simu alikwisha taka kujua mhusika ni nani. Makamu ni mwajiriwa wa serikali, na barua ya kumshtaki hupita ofisi nne kabla ya kujibiwa. Ya karani wa mkataba huishia mezani pa mwalimu mkuu.

Alifunga jalada, akaweka mikono juu yake.

"Uamuzi ni huu. Mkataba wa Mai Namalomba unaisha mwezi huu, na hautaongezwa. Vitu vya ofisi atavikabidhi leo kwa Bambo Mtawali. Na wewe, Bambo Khonje, kisanduku hicho ukiondoe. Sitaki mkaguzi akikute."